Kulinda Gitaa na Joto na Baridi ya Ghafula

(Maneno ya somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Kabla ya kuanza, kiongozi wa darasa aandike ubaoni maneno haya: unyevu, kuvimba, kusinyaa, gundi, ghafula. Kila mwanafunzi awe na kalamu na kipande cha karatasi ngumu.)

Natumaini mmekwisha kukaa, na taa inawaka vizuri.

Katika somo letu la cherehani tulisema kwamba chombo cha kazi kikitunzwa humtunza mwenyewe. Baada ya somo lile vijana wa bendi moja waliniuliza, "Mwalimu, mafundi cherehani wamepata somo, wakulima wamepata somo. Je, sisi wapiga gitaa?" Basi leo ni zamu yao. Na wewe usiye na gitaa usiondoke. Huenda mwanao analo, au bendi itakuja kulala kwako siku ya arusi, na chombo chao kitawekwa chumbani mwako.

Kwa mtu anayepiga barazani jioni, gitaa ni starehe tu. Lakini kwa kijana wa bendi ni jembe lake. Likiharibika Ijumaa, Jumamosi hana kazi, na nyumbani unga ni ule ule ulionunuliwa juma lililopita. Gitaa likianguka kila mtu huona na kila mtu husikia. Adui ninayetaka kumtaja leo hana kishindo. Huliharibu gitaa likiwa ndani ya sanduku lake, au limeegemea ukuta, na hakuna mtu aliyeligusa.

Kwanza tulitazame gitaa lenyewe. Ubao wa uso wake, ule wenye tundu, si mnene. Katika gitaa zuri unene wake ni milimita 3 hivi, au kupungua. Mara nyingi ubao huo hukatwa katika miti ya nchi za baridi, ya ukoo mmoja na misonobari. Juu ya ubao huo kimegandishwa kibao kidogo kinachoshika nyuzi. Mafundi hukiita daraja. Sasa sikieni jambo la ajabu. Nyuzi sita za chuma, zikikazwa mpaka sauti yake ya kawaida, huvuta zote pamoja kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Nyuzi za nailoni huvuta pungufu, kama kilo 40. Yaani ni kama mtu mzima amening'inia juu ya kibao kile mchana na usiku, hata wewe ukiwa umelala. Na kinachomshikilia mtu huyo asianguke ni nini? Ni gundi.

Katika somo hili nitapima joto kwa digrii. Najua wengi wenu husema nyuzi za joto, lakini gitaa nalo lina nyuzi, na tukizichanganya tutapotea wote.

Sasa fikiri juu ya mlango wa nyumba yako. Wakati wa masika hukwama, ukausukuma kwa bega. Kiangazi kikija, mlango ule ule hufunguka kwa kidole. Hakuna seremala aliyekuja kuuongeza wala kuupunguza. Ubao wenyewe umekunywa unyevu wa hewa ukavimba, kisha umekauka ukasinyaa. Ubao huvimba na kusinyaa kwa upana zaidi sana kuliko kwa urefu. Ndiyo maana ufa wa gitaa hufuata urefu wa ubao. Basi gitaa nalo ni ubao, tena ni mbao nyingi zilizogandishwa pamoja, hii ya mti huu na ile ya mti ule, kila moja ina kipimo chake cha kuvimba.

Je, ubaya uko wapi, ikiwa mlango huvimba na kusinyaa kila mwaka na haupasuki? Ubaya uko katika neno la mwisho mliloliandika ubaoni: ghafula. Chukua bilauri iliyo baridi, uimiminie chai inayochemka mara moja. Pengine itapasuka mkononi mwako. Lakini ukitia kidogo, ukangoja, ukaongeza, bilauri ile ile hustahimili. Chai ni ile ile na moto ni ule ule. Tofauti ni muda tu.

Nitawaeleza nilivyojifunza jambo hili, ingawa si habari ya kujisifia.

Nilipokuwa kijana nilipiga gitaa katika bendi ndogo ya Dar es Salaam. Mwezi wa Julai tukaalikwa arusini Njombe. Gitaa langu lilikuwa bovu, nikamwendea mzee mmoja wa mtaani kwetu, mpigaji wa zamani, akaniazima lake. Lilikuwa gitaa la mbao tupu, limepakwa vanishi ya zamani inayong'aa kama asali. Hakunipa masharti. Alisema tu, "Lirudi kama lilivyo."

Tulitoka Dar es Salaam jioni, shati limegandamana na mgongo kwa jasho. Vyombo vilikuwa nyuma ya gari, chini ya turubai. Tukapita Chalinze, Morogoro, Mikumi. Usiku wa manane tukaupanda mlima wa Kitonga, na hapo ndipo baridi ilipoanza kutuuma. Njombe iko mbali, kilometa kama 700, tena iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto la huko huweza kushuka chini ya digrii 10. Tulifika saa kumi na mbili alfajiri, vidole vimekufa ganzi, hata kufungua kamba za turubai tulishindwa.

Wenyeji walitupokea kwa wema sana. Walikuwa wamewasha majiko mawili ya mkaa chumbani, na mlango wameuacha wazi. (Na ninyi msilale na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Huua watu. Hilo tutalisema siku nyingine.) Mimi, kwa ujana, nilitaka wageni walione gitaa. Nikaliweka sanduku karibu na jiko, nikalifungua pale pale. Nililigusa, likawa baridi kama mtungi. Haikupita muda nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Kisha tena. Kisha tena. Nikainama kutazama. Vanishi yote ya usoni ilikuwa imepasuka vijiufa vyembamba kama utando wa buibui, na chini ya daraja palikuwa na ufa mmoja ulioingia ndani ya ubao wenyewe.

Mwenzetu wa besi hakupatwa na neno. Wala hakuwa na akili kutushinda. Alikuwa amechoka tu, akalala sakafuni, kichwa juu ya sanduku la besi lake, mpaka saa nne asubuhi. Alipoamka akalifungua, likawa zima.

Nilirudi nalo kwa mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

Nikasema njema, huku natazama chini. Alifungua sanduku, akatazama kwa muda mrefu. Hakuniuliza nani amelivunja. Aliniuliza, "Mlifika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili alfajiri, mzee."

"Na ulilifungua saa ngapi?"

"Saa hiyo hiyo."

Akalifunga sanduku polepole. "Ungelala kwanza," akasema.

Fundi aliuziba ule ufa, na fedha za fundi nilizilipa kwa arusi nne zilizofuata. Vanishi haikurudi kama zamani.

Kitu gani kilitokea pale? Vanishi ni ngozi nyembamba juu ya ubao, na ngozi hiyo na ubao havipanuki wala kusinyaa kwa kipimo kimoja. Tena vanishi ya zamani ni kavu na ngumu, haivutiki. Ikivutwa huku na huku kwa ghafula, hupasuka. Ubao nao upande wa jiko ulipata moto kabla ya upande wa pili, na hewa iliyopashwa na mkaa ilikuwa kavu. Juu ya hayo yote, zile kilo 70 za nyuzi zilikuwa zinaendelea kuvuta.

Labda wengine mtasema, "Mbona mpiga ngoma huipeleka ngoma yake motoni kabla ya kucheza?" Ni kweli, na nadhani desturi hiyo imewapoteza vijana wengi. Ngoma ni ngozi. Motoni hukauka, ikakaza, sauti ikapanda, ndivyo mpigaji anavyotaka. Gitaa halikazwi kwa moto. Usiliote motoni hata kwa dakika moja.

Kuna na hatari ya pili. Chupa ya soda ikitoka barafuni na kuwekwa mezani, hutoka jasho nje. Maji yale hayakutoka ndani ya chupa. Ni unyevu wa hewa uliogusa kitu cha baridi ukawa maji. Gitaa la baridi likifunguliwa katika ukumbi wenye joto na watu wengi wanaohema, hutoka jasho vivyo hivyo. Maji hukaa juu ya nyuzi, juu ya funguo za kukazia, na kama ni gitaa la umeme, juu ya vyuma vya kupokelea sauti. Nyuzi mpya hupata kutu, na nyaya za ndani huanza kukwaruza sauti.

Basi dawa yake ni ipi? Ni kutolifungua. Ukifika, liingize sanduku ndani, liweke mbali na moto na mbali na dirisha, liache limefungwa. Hewa iliyomo sandukuni itapata joto polepole, na gitaa pamoja nayo. Kwa tofauti ya digrii tano au sita, nusu saa yatosha. Kwa tofauti kubwa, kama ile ya Njombe, ngoja saa tatu au nne. Katika nchi za theluji, kama Kanada, sanduku lililokaa nje katika barafu huachwa hata siku nzima. Ukitaka kujua kama wakati umefika, gusa vyuma vya sanduku, vile vya kufungia. Vikiwa bado baridi mkononi, jua kwamba ndani ni baridi zaidi. Vikiwa sawa na hewa ya chumba, ngoja kidogo tena, maana nje hupata joto kabla ya ndani.

Mwenye mfuko wa kitambaa badala ya sanduku gumu aujue udhaifu wake: joto hupita upesi. Mfuko auzungushie blanketi.

Nimesema sana juu ya baridi, lakini kwetu pwani joto ndilo linaloharibu magitaa mengi zaidi, na mahali pake hasa ni ndani ya gari. Hewa ya nje ikiwa digrii 32, ndani ya gari lililofungwa vioo juani joto huweza kupita digrii 50 baada ya saa moja au mbili, na sanduku jeusi linalopigwa na jua kiooni hupata zaidi ya hapo. Gundi nyingi za mbao huanza kulegea karibu na digrii 60. Mkumbuke yule mtu wa kilo 70 aliyening'inia. Gundi ikilegea, daraja huinuka kwa nyuma, kwanza kwa unene wa karatasi, kisha kwa unene wa sarafu, halafu siku moja hung'oka kwa kishindo. Nimeona gitaa lililoachwa garini wakati mwenyewe amekwenda kula wali tu. Alipopata chai ya pili, daraja lilikuwa limekwisha kuinuka.

Kwa hiyo ukishuka, shuka nalo. Watu watakucheka kwamba umeingia mkahawani na gitaa kama umeingia na mke. Waache wacheke. Katika basi, omba likae ndani pamoja nawe. Buti lililo karibu na injini hupata moto, na juu ya keria ni jua, mvua na vumbi vyote pamoja. Kama safari ni ya jua kali na huna njia nyingine, zilegeze nyuzi kidogo kabla ya kuondoka. Usizilegeze kabisa, kwa kuwa shingo imezoea kuvutwa.

Mlango wa pili wa hatari hiyo ni kiyoyozi. Ukitoka katika chumba cha hoteli chenye digrii 18 ukaingia nje katika hewa ya Tanga au Mombasa, miwani yako hufanya ukungu mara moja, nawe husimama kuipangusa. Kama miwani imefanya ukungu, gitaa lisifunguliwe bado.

Na nyumbani? Chini ya bati pana joto sana mchana, basi usilitundike juu karibu na dari. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri hubaki na moto mpaka usiku. Sakafu ya saruji ina unyevu. Mahali pazuri ni ukuta wa ndani, usawa wa kifua, au juu ya kitanda likiwa sandukuni. Jikoni hapana kabisa.

Wengi huniuliza kwa nini gitaa lililolinganishwa vizuri nyuma ya jukwaa hupotea sauti mara wanapoanza kupiga. Jibu ni lile lile. Uzi wa chuma ni mwembamba. Chini ya taa za jukwaa hupata joto kwa dakika chache, hurefuka kidogo mno, na sauti hushuka. Ubao ni mnene, hupata joto polepole, nao hubadilika baadaye. Mpigaji asiyejua hukaza, hukaza tena, mpaka uzi unakatika katikati ya wimbo. Yafaa ulipeleke gitaa jukwaani mapema, likae humo nusu saa kabla ya kulinganishwa kwa mara ya mwisho.

Sasa neno kwa wapiga besi, maana wao hudhani somo hili haliwahusu. Ni kweli kwamba besi la umeme, la namna ile aliyoanza kuiuza Fender mwaka 1951, lina kiwiliwili cha ubao mzima, mnene, usiopasuka kwa urahisi. Lakini uzi wake, kwa kawaida, una sentimita 86 kutoka mwanzo hadi mwisho, na shingo yake ni ndefu kwa kiasi hicho. Shingo ndefu ikipinda hata kidogo, mkono huona: nyuzi zinakuwa juu mno, au zinagonga vyuma vya shingoni na kulia kama nzi. Ndani ya shingo imo fimbo ya chuma ya kuinyosha. Ni ufundi ulioandikishwa na kampuni ya Gibson ya Marekani mwaka 1923, na leo hupatikana katika magitaa mengi ya nyuzi za chuma na mabesi. Vijana wanapenda sana kuizungusha fimbo hiyo. Nakusihi, siku ya safari usiiguse. Shingo iliyopinda kwa baridi mara nyingi hurudi yenyewe baada ya siku mbili tatu, na kama uliizungusha fimbo, sasa itapindia upande wa pili.

Juu ya unyevu nitasema machache tu. Watengenezaji wengi hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Pwani ni zaidi ya hapo karibu mwaka mzima. Dodoma wakati wa kiangazi ni pungufu. Ukiwa mahali pakavu, chukua kisanduku cha sabuni, kitoboe matundu, tia ndani sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa vizuri, ukiweke sandukuni pasipogusa ubao. Dalili ya ukavu ni hii: pitisha kiganja ubavuni mwa shingo, ncha za vile vyuma zikikukwaruza, ubao umesinyaa na vyuma vimebaki. Ukiwa pwani, vile vijifuko vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe. Vitie sandukuni, vitanywa unyevu.

Sasa shikeni kalamu.

Nilipofika Njombe nilikuwa nimechoka, na hata kama ningejua hatari ile, pengine ningelala na mtoto wa nyumba angelifungua sanduku kwa hamu ya kuona. Hana kosa. Hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo tutaandika kibandiko cha kufunga kwenye mkono wa sanduku. Andika kwa herufi kubwa, mstari mmoja mmoja:

GITAA HILI LIMETOKA SAFARI.
LISIFUNGULIWE KABLA YA SAA ........
LISIWEKWE KARIBU NA MOTO WALA JUANI.

Pale penye nukta usiandike kitu leo. Utaandika saa siku ya safari, kwa kalamu ya risasi ili ifutike: ukifika saa kumi na mbili, andika saa nne, na uongeze neno asubuhi au usiku, msomaji asikosee. Chini andika jina lako. Toboa tundu katika kona, upitishe uzi.

Kiongozi wa darasa sasa atapita kutazama herufi zenu, hasa neno LISIFUNGULIWE, ambalo ni refu na wengi huacha ile L ya pili. Juma lijalo tutakuwa na fundi wa ngoma. Kwaherini.